Skana UBC125XLT inakwama katikati nikiiandika kwa kompyuta: ni kebo, draiva au faili lenyewe?

#1 BondeLaUfa (Nakuru)
Habari wadau. Nina skana ya redio, ile ya kusikiliza masafa, aina ya Uniden UBC125XLT, kompyuta ya Windows 10, na faili la chaneli 212 nililolipanga kwenye Excel, zikiwa zimetawanyika ndani ya benki (makundi ya chaneli) zote kumi. Nikianza kuandika kwenye skana, namba zinahesabika vizuri, halafu kazi inasimama. Mara mbili imesimama chaneli ya 87, mara moja ikapita hapo ikaenda kusimama 143. Kioo kinabaki kikionyesha kwamba skana inaongozwa na kompyuta na vitufe vimefungwa, mpaka nichomoe kebo. Zilizotangulia zimeingia, zinazofuata ni tupu. Nimebadilisha tundu la USB, hali ni ile ile. Nianzie wapi?

#2 FundiKondele (Kisumu)
Anzia kwenye kebo. Hii skana inatumia ile plagi ya zamani ya mini-USB, na kebo nyingi za aina hiyo zilizobaki mitaani zilikuja na spika au tochi za kuchaji. Ndani zina nyaya mbili za moto tu, hazina za data. Tafuta ya mita moja au fupi zaidi, yenye lile donge jeusi la feriti karibu na plagi. Kisha shika plagi ikiwa ndani ya skana uitikise kidogo: ikicheza, hiyo ndiyo shida yako.

#3 SautiYaKakamega
Mulembe. Omera FundiKondele, kwako kila ugonjwa ni kebo! Hapo kwenye nyaya mbili nakusahihisha: kebo isiyo na nyaya za data haifiki hata chaneli ya kwanza. Windows isingeiona skana wala kuipa namba ya COM (mlango ambao programu huzungumzia na kifaa). Yeye amefika 87, kwa hiyo data inapita.

Kusimama mara mbili mahali pamoja kunaelekeza kwenye faili. Kebo mbovu haina sababu ya kuchagua 87 kila mara. BondeLaUfa, fungua mstari wa 87 utuwekee hapa ulivyo, kila safu.

#4 BondeLaUfa (Nakuru)
Mstari wa 87: jina ni "ZIWA, CH 16", masafa 156.8, modi FM, toni 0, kuchelewa 2, haijafungwa, kipaumbele 0.
Mstari wa 143: jina "ANGA DHARURA", masafa 121.5, modi AM, toni 0, kuchelewa 6, haijafungwa, kipaumbele 0.

#5 Mwandani (Eldoret)
Zote mbili zina kasoro, na ni kasoro tofauti.

Programu yoyote utakayotumia, chini yake kuna mazungumzo ya maandishi kati ya kompyuta na skana. Kompyuta inatuma PRG, skana inafunga vitufe na kungoja. Kisha kila chaneli inatumwa kwa amri ya CIN, na mwisho EPG inairudisha skana kwenye kazi yake. Mstari mmoja wa CIN unakaa hivi:

CIN,87,ZIWA CH 16,01568000,FM,0,2,0,0

Mpangilio ni huu: namba ya chaneli, jina, masafa, modi, toni (sauti ya siri inayofungua chaneli), kuchelewa (sekunde za kungoja jibu kabla ya kuendelea), kufungwa (skana kuiruka chaneli), kipaumbele. Kinachotenganisha safu ni koma. Sasa tazama jina lako: "ZIWA, CH 16". Skana inakutana na koma ya ndani ya jina, inadhani jina limekwisha, na " CH 16" inaipokea kama masafa. Hapo lazima ikatae.

Kwenye 143 kosa liko kwenye kuchelewa. Thamani zinazokubalika ni -10, -5, 0, 1, 2, 3, 4 na 5 pekee. Sita haimo. Nadhani ulivuta kona ya seli kwenye Excel kujaza safu nzima, nayo ikajiongezea: 2, 3, 4, 5, 6. Kagua safu yote, hutaikuta sita moja tu.

Majibu ya skana nayo yanasema mengi. OK maana yake imepokea. ERR maana yake mstari una umbo au thamani isiyofaa, yaani faili. NG maana yake amri ni halali ila wakati si wake, mara nyingi kwa sababu skana imeshatoka kwenye PRG. Na ikinyamaza kabisa, hapo ndipo kebo, draiva au umeme vinapoingia.

#6 FundiKondele (Kisumu)
Hayo ya koma nayakubali. Lakini kuna jambo hamjaligusa. Amesema mara ya tatu ilipita 87. Kama koma ndiyo tatizo, ilipitaje? Faili halikubadilika. Kitu kinachobadilika kutoka jaribio hadi jaribio ni mguso wa plagi. Sijaiacha kebo.

#7 NyotaYaMau (Molo)
Kuna cha tatu: Windows yenyewe. Kompyuta ikitumia betri yake, Windows ina desturi ya kulaza matundu ya USB ili kubana umeme. Nenda kwenye mipangilio ya umeme, sehemu ya kina, tafuta usitishaji wa USB, uuzime kwa betri na kwa stima pia. Halafu fungua Kidhibiti cha Vifaa (Device Manager), bonyeza USB Root Hub moja baada ya nyingine, na kwenye kichupo cha umeme uondoe alama inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa.

Hii inaeleza kwa nini mahali pa kusimama panahama. Tundu linalala kwa saa yake, halijui chaneli.

#8 SautiYaKakamega
NyotaYaMau, tundu lenye data inayopita kila sekunde halilazwi. Hulazwa likikaa kimya. Labda kama programu inasita katikati ikingoja jibu la ERR ambalo haijui kulishughulikia. Tukifika hapo tumerudi kwenye faili.

#9 Kipchirchir_VHF (Kericho)
Chamgei. Mbona mnajisumbua, tumia programu ya CHIRP. Ni ya bure, inasoma CSV (faili la jedwali lenye safu zinazotenganishwa kwa koma), na kosa lolote inakuonyesha kabla ya kuandika.

#10 Mwandani (Eldoret)
CHIRP ni nzuri sana kwa redio za mkononi kama Baofeng UV-5R, lakini UBC125XLT haimo kwenye orodha yake. Kwa skana hii kuna programu ya Uniden yenyewe, na kuna Scan125 ambayo ni ya bure na imetengenezwa kwa familia hii ya skana. FreeSCAN wengi huitaja, ila ilitengenezwa kwa skana nyingine za Uniden, zile zenye mifumo ya trunki (vikundi vingi kugawana chaneli chache).

Na kwa msomaji anayedhani Baofeng itafanya kazi ya skana: VHF yake (masafa ya kati ya 30 na 300 MHz) inaanzia 136 MHz na haina AM, kwa hiyo ndege huzisikii. Ina chaneli 128, herufi 7 za jina, na inazunguka chaneli polepole mno. Hii ya BondeLaUfa ina chaneli 500 na jina la herufi 16.

#11 MwanaLinux_Maseno
Kwa wanaotumia Linux: skana ya familia hii inaweza kuonekana kwenye lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB (namba ya mtengenezaji ni 1965), lakini faili la /dev/ttyACM0 lisitokee. Haijaharibika. Kerneli (kiini cha Linux) ina draiva inayofaa, cdc_acm, ila kama ni ya zamani inaweza isijue kwamba kifaa hiki ni chake. Ipakie kwa modprobe cdc_acm, kisha iambie namba za kifaa chako kupitia /sys/bus/usb/drivers/cdc_acm/new_id ukiwa na mamlaka ya root. Jiongeze pia kwenye kundi la dialout, utoke na kuingia tena. Baada ya hapo unaweza kuandika chaneli zote kwa skripti fupi inayosubiri OK kabla ya kutuma mstari unaofuata. Skripti isiyosubiri inatuma mstari wa pili wakati skana bado inahifadhi wa kwanza, na hicho kinaweza kuwa chanzo cha kukwama kusikotabirika. Ninaiweka kama sababu ya nne.

#12 BondeLaUfa (Nakuru)
Shukrani sana wote. Nimekuta koma kwenye majina manne na kuchelewa kwa 6 au zaidi kwenye mistari 31. Nasafisha, kesho narudi. Wakati huo huo nisaidieni jambo jingine: nipange benki kwa mahali (Nakuru, Naivasha, Kisumu, Eldoret) au kwa kazi (ndege, ziwa, maredio ya hiari, yaani ham)?

#13 AntenaYaRiat (Kisumu)
Kwa kazi, bila kusita. Kila kazi ina tabia zake. Ndege ni AM, na jibu huja haraka, kwa hiyo kuchelewa 2 kunatosha. Ziwani ni FM, watu hujibu kwa kusitasita, weka 4 au 5. Ukichanganya benki moja, kila mstari unakuwa na mipangilio yake, na ndipo makosa ya kuvuta seli yanapozaliwa. Benki nzima ikiwa na modi moja na kuchelewa kumoja, kosa linaonekana kwa macho tu.

Faida nyingine: skana hii inaruhusu chaneli moja ya kipaumbele kwa kila benki. Benki ya ndege mpe 121.5, benki ya ziwa mpe 156.8. Ukipanga kwa mahali, Kisumu ina ndege na ina ziwa, utalazimika kuchagua moja.

#14 NyotaYaMau (Molo)
Mimi nasema kwa mahali, na sababu ni milima. Ukiwa Nakuru mjini, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, mnara wa uwanja wa Kisumu huusikii. Ni kilomita zipatazo 150 kwa mstari ulionyooka, na ukuta wa Mau uko katikati. VHF haipindi kuuzunguka. Chaneli za ardhini za Kisumu zikibaki kwenye mzunguko ukiwa Nakuru ni kupoteza muda wa skana bure. Ukiwa na benki ya mahali, unabonyeza tarakimu moja, zote zinatoka.

#15 Mwandani (Eldoret)
Ongeza upande wa pili wa hesabu hiyo. Ndege iliyo mita 10,700 juu ina upeo wa redio wa zaidi ya kilomita 420. Ukiwa Nakuru unamsikia rubani akizungumza na Kisumu, ila anayemjibu humsikii. Kwa hiyo masafa ya anga hayana mji. Kinachofaa ni kuchanganya: benki ya 1 anga yote, benki ya 2 ziwa na satelaiti, kuanzia benki ya 3 mambo ya ardhini kwa mji mmoja mmoja. Na acha nafasi: benki ina chaneli 50, jaza 35 tu. Ukizipanga zikafuatana bila pengo, chaneli moja mpya inasukuma namba zote zilizo chini yake.

#16 AntenaYaRiat (Kisumu)
Bado nasimama kwenye kazi. Mtu anayekaa mji mmoja mwaka mzima hahitaji benki za miji.

#17 DadaMasafa (Naivasha)
Kabla ya benki, faili lenyewe. Excel inaharibu CSV kimyakimya. Masafa ya skana hii yanatumwa kwa tarakimu nane, yakihesabiwa kwa vipande vya 100 Hz: 145.8 MHz ni 01458000. Kama programu yako inataka umbo hilo, ukifungua CSV kwa kubofya mara mbili Excel inafuta sifuri ya mbele, unabaki na 1458000. Usibofye. Fungua Excel tupu, ingiza data kutoka kwenye faili, na safu ya masafa na ya toni uzitangaze kuwa maandishi.

Toni nazo zina misimbo yake, na ziko aina mbili, CTCSS na DCS: 0 ni bila toni, CTCSS zinaanzia 64 ambayo ni 67.0 Hz na kuishia 113, DCS ni 128 hadi 231. Ukiandika 67.0 kwenye safu hiyo utapata ERR.

Halafu safu ya kufungwa. Chaneli tupu ndani ya skana huwa imefungwa, yaani 1. Ukisoma skana tupu, ukajaza masafa juu yake na kuacha hiyo 1, chaneli itaandikwa vizuri kabisa na kamwe haitasikika. Hapo mtu hulaumu antena bure.

Na mnapoanza, someni skana kwanza, hifadhini faili hilo kwa jina lenye tarehe, ndipo muandike. Kwenye faili kuu ongezeni safu mbili ambazo haziendi kwenye skana: masafa yalitoka wapi, na lini mara ya mwisho yalisikika.

#18 Kipchirchir_VHF (Kericho)
Dada, hiyo ya tarehe ya mwisho kusikika nimeipenda. Faili langu lina 137.1, 137.62 na 137.9125 za satelaiti za hali ya hewa za NOAA, na sijasikia kitu muda mrefu.

#19 DadaMasafa (Naivasha)
Ondoa zote tatu. NOAA 15, 18 na 19 zilizimwa mwaka 2025. Weka 145.800 FM ya kituo cha anga cha kimataifa. Hiyo bado iko hai, ingawa muda mwingi ni kimya. Weka FM ya kawaida iliyo pana, usiweke NFM (FM nyembamba), maana masafa yanayumba kwa takriban kHz 3.5 kila upande kituo kinapokaribia na kuondoka.

#20 SautiYaKakamega
Swali la anga: orodha niliyopewa ina 118.005 na 118.010. Nikiandika hivyo, programu inabadilisha namba. Ni hitilafu?

#21 Mwandani (Eldoret)
Si hitilafu. Kwenye mpangilio mpya wa anga wa hatua nyembamba za 8.33 kHz, namba ya chaneli si masafa halisi. Chaneli 118.005 iko kwenye 118.0000. Chaneli 118.010 iko kwenye 118.0083, na 118.015 kwenye 118.0167. Mpangilio wa zamani ni wa hatua za 25 kHz. Skana inazungusha kwenda hatua iliyo karibu, na mara nyingi inapatia. Kwenye jina andika namba ya chaneli, kwenye masafa andika ya kweli.

#22 BondeLaUfa (Nakuru)
Na hili: benki ya anga inasimama mara kwa mara kwenye muziki na matangazo. Nilidhani ni kosa la modi, lakini zote ni AM.

#23 FundiKondele (Kisumu)
Hapo kompyuta haina hatia. Uko chini ya Menengai, na stesheni za FM zina nguvu kubwa mno kwa mlango wa skana ndogo. Stesheni mbili zinachanganyika ndani ya skana yenyewe na kuzaa kitu cha tatu juu ya 108 MHz. Chomoa antena uweke ile fupi ya mpira. Muziki ukitoweka wote, ni kuelemewa. Dawa ni kichujio kinachozuia 88 hadi 108 MHz, kinafungwa kati ya antena na skana kwa plagi za BNC.

#24 AntenaYaRiat (Kisumu)
Au chaja ya kompyuta. Zile za bei rahisi hupiga kelele kila mahali kwenye VHF.

#25 FundiKondele (Kisumu)
Chaja haipigi muziki, ndugu. Inatoa mvumo au mkwaruzo. Ila kwa habari ya kukwama kwa data, chaja naiweka kwenye orodha, chini ya kebo.

#26 Jua_la_Busia
Mimi nina skana nyingine ya Uniden, BCD436HP, natumia programu yake ya Sentinel. Nimeweka mahali ili ichague chaneli zilizo karibu, haichagui chochote.

#27 DadaMasafa (Naivasha)
Hifadhidata ya Sentinel ni ya Marekani na Kanada. Ya kwetu haimo, unajaza mwenyewe kwenye orodha ya vipendwa. Kisha tazama viwianishi. Sisi ni mashariki, wao ni magharibi. Longitudo ya 34 ikisomwa magharibi, skana inadhani uko katikati ya Atlantiki. Na sehemu kubwa ya hapa ni kusini ya ikweta: Kisumu ni karibu -0.1, Nakuru karibu -0.3. Ukisahau alama ya kutoa, Nakuru inahama kilomita 66 hivi kwenda kaskazini. Busia wewe uko kaskazini, 0.46, kwa hiyo yako haina alama hiyo.

Ukichomeka kebo, skana itakuuliza: bonyeza E ili kompyuta ione kadi ya kumbukumbu ya skana, la sivyo Sentinel haina pa kuandika.

#28 Mwandani (Eldoret)
Neno moja kwa wote wanaobadilishana mafaili: Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano ya mtu. Anga, ziwa na maredio ya hiari ni kawaida kujadiliwa. Masafa ya usalama, na maneno ya watu mliyoyasikia, yasiwekwe hapa.

#29 BondeLaUfa (Nakuru)
Nimerudi. Koma nimeondoa, kuchelewa kote ni 2. Nimeandika mara nne. Mara tatu imefika 500 bila tatizo. Mara moja imesimama 233, na mstari wa 233 hauna kosa lolote: masafa ya ardhini, NFM, toni 0. Mara hiyo chaja ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta, zile tatu haikuwa. Usitishaji wa USB nilikuwa nimeuzima kabla ya zote nne. Kebo ni ile ile.

#30 FundiKondele (Kisumu)
Kebo ni ile ile. Umelisema mwenyewe.

#31 NyotaYaMau (Molo)
Chaja! Kelele inaingia kupitia waya wa ardhi wa USB, herufi moja inapotea njiani, skana haielewi mstari.

#32 SautiYaKakamega
Herufi ikipotea skana ingejibu ERR. Hatujui kama ilijibu. Jaribio moja na chaja si ushahidi, na hakuna aliyeeleza bado ile mara ya tatu ilipita 87 vipi.

#33 MwanaLinux_Maseno
Labda mara ile alifungua faili lililohifadhiwa na programu, si CSV. Programu inaweza kuwa iliondoa koma yenyewe. BondeLaUfa, unakumbuka?

#34 BondeLaUfa (Nakuru)
Kwa kweli sikumbuki. Nina yote mawili kwenye folda moja, na yana jina lile lile.

#35 Mwandani (Eldoret)
Basi tuipate kwa maandishi. Funga programu ya skana kwanza, maana COM moja haishikwi na wawili. Fungua PuTTY, programu ya kuzungumza na kifaa kwa maandishi, chagua Serial, andika namba ya COM uliyoona kwenye Kidhibiti cha Vifaa, na kwenye Logging iambie ihifadhi kila kitu. Andika MDL, Enter: ikikujibu jina la skana, njia iko wazi. Kisha PRG, halafu bandika mistari ya CIN kuanzia 220 hadi 240, mmoja mmoja, ukingoja CIN,OK kila mara. Maliza kwa EPG. Rudia mara kumi chaja ikiwa imechomekwa, kisha mara kumi ikiwa haipo. Weka betri zilizojaa ndani ya skana, na hakikisha ile swichi ndogo chini ya betri iko upande wa Ni-MH kama ni za kuchaji, maana kebo ya USB inachaji pia, na betri za kawaida zikichajiwa zinavuja.

Ikisimama, usichomoe chochote. Nakili mstari wa mwisho uliotuma na jibu lililokuja, au andika kwamba halikuja jibu, ulete hapa.

#36 BondeLaUfa (Nakuru)
Sawa, mzee. Nimeipata COM5, MDL imejibu. Naanza na chaja ikiwa imechomekwa.